Ng'ombe Aliyelala Baada ya Kuzaa

Leo nina ng'ombe mmoja wa kukuonyesha, na kwa kuwa redio haina macho itabidi unifuate kwa masikio.

Ng'ombe huyu yuko uzao wa nne. Ni chotara wa Jersey, wa maziwa hasa, anayefugwa bandani na kuletewa majani, kama wanavyofugwa Kilimanjaro, Rungwe, Kiambu au Meru. Jana jioni amezaa salama. Ndama amesimama, kondo la nyuma limetoka, mwenye ng'ombe amelala usingizi mzuri akiwaza bei ya maziwa. Alfajiri anaingia bandani na ndoo, anamkuta mnyama amelala chini. Anampigia kelele, hasimami. Anamsukuma, anajaribu, miguu ya nyuma haina nguvu. Shingo imejipinda, kichwa amekilaza ubavuni mwake. Pua ya ng'ombe mzima huwa na unyevunyevu, hii imekauka. Masikio ukiyashika ni ya baridi. Hacheui, na tangu usiku hajatoa kinyesi. Ukiweka sikio lako ubavuni upande wa kushoto, pale ambapo kwa kawaida husikika mngurumo kila dakika moja hivi, kimya.

Sasa ita majirani. Wa kwanza atasema nyonga imeteguka wakati wa kuzaa. Wa pili atasema amekula kitu kibaya, tazama tumbo limekufa. Wa tatu atashika masikio na kusema hii ni baridi ya usiku, mfunike gunia. Na hakosekani wa nne, atakayeuliza kwa sauti ya chini jana alipita nani hapa akamsifia ng'ombe huyu.

Kila mmoja kati ya wale watatu ameona kitu cha kweli. Miguu kweli imelegea, tumbo kweli limesimama, mwili kweli umepoa. Ila chanzo hakimo miguuni, wala tumboni, wala kwenye ngozi. Chanzo ni kiwele, na kiwele chenyewe ndicho kiungo pekee kwenye mwili ule ambacho asubuhi hiyo kinafanya kazi yake vizuri kabisa, kimejaa, kizuri, hakina hata uvimbe. Ugonjwa huu huitwa homa ya maziwa, ingawa ukimpima kwa kipimajoto utakuta joto liko chini ya kawaida.

Twende taratibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Kalsiamu wengi tunaijua kuwa ni madini ya mifupa na meno. Ni kweli, karibu yote imo humo. Lakini kuna kiasi kidogo kinachozunguka ndani ya damu, na hicho kidogo ndicho kinachowezesha msuli kujikunja na mshipa wa fahamu kupeleka taarifa. Katika majimaji ya damu ya ng'ombe mkubwa, yote, kutoka kichwani hadi kwatoni, kuna kalsiamu gramu 3 hivi. Kijiko cha chai hakijai. Lita moja ya dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, ina gramu 2 hivi. Ng'ombe wa maziwa akitoa lita 10 za dang'a katika siku ya kwanza, amemwaga gramu 20, karibu mara saba ya ile iliyokuwa ikizunguka kwenye damu yake. Jana asubuhi, kabla hajazaa, hakuwa na matumizi ya namna hiyo. Yameanza ghafla, ndani ya saa chache.

Anaziba vipi pengo hilo? Shingoni, karibu na koromeo, kuna tezi nne ndogo ambazo kazi yake ni kuionja damu. Zikihisi kalsiamu imeshuka, zinamwaga homoni. Homoni hiyo inakwenda kwenye mifupa na kuiamuru iachie madini yake. Inakwenda kwenye figo na kuzizuia zisipoteze kalsiamu kwenye mkojo. Hapo hapo kwenye figo inafanya jambo la tatu: inakamilisha vitamini D. Vitamini hiyo ilianzia kwenye ngozi kwa jua, ikapita kwenye ini ikageuzwa mara ya kwanza, na ikifika kwenye figo inageuzwa mara ya pili ndipo inakuwa na nguvu. Kisha inarudi na damu hadi kwenye utumbo mwembamba na kuufanya unyonye kalsiamu nyingi zaidi kutoka kwenye chakula. Hebu hesabu nami: tezi za shingoni, mifupa, figo, ngozi, ini, utumbo. Viungo sita vimeitwa kazini ili kukilipia cha saba, kiwele.

Shida ni muda. Mpango huo wote ukianza leo, matokeo yake yanakuja kesho au kesho kutwa. Kwa ng'ombe wa uzao wa kwanza ambaye mifupa yake bado inakua, madini huwa yanaingia na kutoka kila siku, kwa hiyo anaitikia upesi, tena maziwa yake si mengi. Kwa huyu wetu wa uzao wa nne mifupa imetulia, utumbo umezeeka kidogo, kiwele kimekomaa. Damu inafilisika kabla msaada haujafika. Jersey wana sifa mbaya zaidi katika hili kuliko Friesian. Na ng'ombe wa asili, zebu wetu wa lita moja au mbili, hupatwa kwa nadra sana, kwa sababu rahisi kwamba hatoi cha kumfilisi.

Kalsiamu ikishapungua kwenye damu, angalia jinsi ubovu unavyotembea. Misuli ya miguu inalegea, analala. Watu wengi huishia hapo, lakini mwili una misuli mingi ambayo hatuihesabu kuwa misuli. Tumbo lile kubwa, ambalo wauza utumbo huliita taulo na wataalamu rumeni, ni mfuko wenye kuta za misuli, nalo linasimama. Mfuko wa uzazi ni msuli. Haurudi kwenye umbo lake, na mara nyingine unatoka nje kabisa. Tundu la chuchu hufungwa na kamsuli kadogo ka duara. Kakilegea, vijidudu vya sakafuni vinapanda, na wiki ijayo utapambana na ugonjwa wa kiwele bila kujua ulianzia wapi. Moyo ni msuli. Unapiga mbio lakini kwa unyonge, damu haifiki vizuri kwenye ncha za mwili, ndiyo maana masikio yamepoa. Yule jirani wa gunia alikuwa ameushika moyo bila kujua.

Na rumeni haikusimama peke yake. Ndani yake wamo vijidudu kwa mabilioni ambao kazi yao ni kuchachusha majani, na hao hawaumwi homa ya maziwa. Wanaendelea kuchachusha, gesi inaendelea kutoka. Ng'ombe mzima huibeua gesi hiyo mara kwa mara mchana na usiku. Huyu hawezi, kwa sababu kubeua nako kunataka msuli. Gesi inajaa, na kama amelala ubavu kabisa, mlango wa kutokea unakuwa umefunikwa na majimaji, basi haina hata pa kupita. Rumeni inavimba, inasukuma kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, mapafu yanakosa nafasi, mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni inabanwa. Au maji ya tumboni yanapanda kooni na kuingia kwenye njia ya hewa. Ng'ombe anakufa kwa kukosa pumzi. Ukimpasua utalaumu mapafu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kabla hata daktari wa mifugo hajafika ni kumweka ng'ombe akae kifudifudi, kifua chini, akiegemezwa kwa magunia ya majani makavu pande zote mbili. Hujatibu chochote. Umeyapa mapafu muda tu. Na usimnyweshe kitu kwa chupa, uji, mafuta, maji ya chumvi wala dawa ya kienyeji, kwa sababu kumeza nako ni kazi ya misuli, na hiyo nayo imelegea.

Daktari akija atakuwa na chupa ya mililita 400, maji maangavu yenye kalsiamu. Ataipasha moto ifikie joto la mwili, atatafuta mshipa mkubwa wa shingoni, ataiachia dawa iingie polepole sana, na mkono mwingine ataushikilia ubavuni au atasikiliza moyo kwa kifaa chake. Mwenye ng'ombe huona kama daktari anavuta muda. Havuti. Kalsiamu ile ile iliyokosekana ikaudhoofisha moyo, ikiingia kwa kasi inausimamisha. Chupa iliyookoa ng'ombe kwa dakika 15 ingemuua kwa dakika 2.

Mimi sijaona tiba nyingine inayoonyesha majibu yake waziwazi namna hii. Dawa haijaisha na misuli ya ubavuni inaanza kutetemeka. Kisha anabeua, kwa sauti. Anatoa kinyesi, kigumu, cha jana. Anakojoa. Matone madogo ya unyevu yanaanza kuonekana puani. Anainua kichwa na kukitazama kile kitu kinachomchoma shingoni, kama vile ndiyo kwanza amekiona. Wengi husimama ndani ya saa chache. Hakuna aliyegusa miguu, tumbo, figo wala pua.

Wanadamu wamechelewa sana kulielewa jambo hili, na njia waliyopitia inachekesha kidogo. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark aitwaye Schmidt, katika mji wa Kolding, alikuwa na wazo kwamba ugonjwa huu unatokana na sumu inayotengenezwa kwenye kiwele. Basi akaingiza dawa ya iodini kupitia kwenye chuchu ili kuiua sumu hiyo. Ng'ombe wakaanza kupona, ambao kabla ya hapo walikuwa wanakufa kwa wingi. Miaka michache baadaye wenzake wakagundua kwamba hata dawa yenyewe si lazima: ukijaza kiwele hewa tupu kwa pampu na kufunga chuchu kwa utepe, ng'ombe anasimama. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya walikuwa wanakimbilia pampu, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwa nini hewa inaponya. Mwaka 1925 Dryerre na Greig, watafiti wa Scotland, wakaja na maelezo ya upungufu wa kalsiamu kwenye damu. Hapo pampu ikaeleweka. Hewa ilikuwa inakibana kiwele kutoka ndani, utengenezaji wa maziwa unasimama, na kalsiamu inaacha kutoka kwenye damu. Schmidt alikuwa amekosea kuhusu sumu na amepatia kuhusu kiungo. Alitibu miguu iliyolegea kwa kupitia chuchu.

Kwa nini sisi, na shule zetu, bado tunaona kila kiungo peke yake? Lawama nazigawa kati ya bucha na kitabu. Buchani maini yamening'inia kwenye ndoano yake, figo ziko kwenye sinia, utumbo una meza yake nje na bei yake. Kitabu nacho kimepanga: sura ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, sura ya mzunguko wa damu, upumuaji, utoaji taka, uzazi. Kila sura ina mchoro na maswali yake. Mwanafunzi anajibu vizuri, anafaulu, na hakuna swali hata moja lililomtaka aeleze kwa nini ng'ombe anayenyonyesha amepooza miguu. Silikatai kabisa somo la namna hiyo, maana mtu hawezi kufundishwa vyote kwa mara moja. Ila ningependa kuwe na sura moja ya mwisho yenye mnyama mmoja tu na ugonjwa mmoja tu, na mwanafunzi aufuate kutoka kiungo hadi kiungo.

Nimekisema vibaya kiwele, kana kwamba kinachota tu na kutoa amri. Hapana, nacho kinasubiri amri. Kila mkamuaji anajua kuwa kuna wakati ng'ombe anashusha maziwa na kuna wakati anayazuia. Sehemu kubwa ya maziwa haimo kwenye chuchu wala kwenye hifadhi iliyo juu yake. Imo kwenye vifuko vidogo sana ndani ya kiwele, na humo haitoki kwa kuvutwa. Ndama akigusa chuchu, au ukiosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, taarifa inapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi inayomwaga homoni ya oksitosini kwenye damu. Damu inaishusha hadi kwenye kiwele, na vile vifuko vinakamuliwa na vijisuli vilivyovizunguka. Safari yote huchukua dakika moja hivi. Na homoni hiyo haidumu, baada ya dakika chache imekwisha nguvu, ndiyo maana mkamuaji anayeanza, kisha akaacha ili apokee simu, akirudi anakuta chuchu kavu na anamlaumu ng'ombe.

Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Ely na Petersen, walitaka kujua kama amri hiyo inaletwa na mishipa ya fahamu moja kwa moja au inapita kwenye damu. Wakakata mishipa ya fahamu ya nusu moja ya kiwele na kuiacha ya nusu nyingine. Maziwa yakashuka pande zote mbili. Kumbe mjumbe wa mwisho ni damu. Kisha wakafanya jingine ambalo hadi leo nikilisoma nacheka: walimweka paka mgongoni mwa ng'ombe na kupasua mifuko ya karatasi karibu naye, kila baada ya sekunde 10. Maziwa hayakushuka. Hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inabana mishipa ya damu ya kwenye kiwele, na ubongo wenyewe unazuia oksitosini isitoke. Kiwele kimejaa, chuchu ni nzima, mkono wa mkamuaji ni ule ule, na ndoo inabaki tupu kwa sababu ya masikio.

Wafugaji hawakumngoja Petersen. Mmasai humwachia ndama anyonye kidogo kwanza, kisha anamsogeza na kumfunga karibu ili mama amwone wakati anakamuliwa. Wanuer wa Sudan Kusini, ndama akifa, huijaza ngozi yake majani na kumsogezea mama. Ng'ombe wa asili anahitaji hayo zaidi kuliko wa kigeni, aliyechaguliwa kwa vizazi vingi ashushe hata kwa mashine. Ukimpa ng'ombe wako kijana mpya wa kukamua, mgomvi, mwenye redio ya kelele, na samahani kwa kuisema redio, usishangae lita mbili zikipotea.

Na maziwa yenyewe? Ili ipatikane lita moja, lita 400 hadi 500 za damu zinapita kwenye kiwele. Ng'ombe wa lita 20 kwa siku anazungushia kiwele chake lita 8,000 na zaidi, naye damu yake yote haizidi sana lita 35. Utamu wa maziwa unatoka kwenye ini: nyasi hazimpi ng'ombe sukari ya maana, maana vijidudu vya tumboni vinaila kwanza, na ini linaitengeneza upya kutoka kwenye asidi vinazoziacha. Hilo peke yake lingetosha kipindi kizima, lakini acha nilipite niseme juu ya mate.

Mate ya ng'ombe tunayachukulia kuwa ni uchafu wa mdomoni. Ng'ombe mkubwa wa maziwa humeza lita 100 na zaidi za mate kwa siku. Yana chumvi zinazopunguza ukali wa asidi ndani ya rumeni. Bila hizo vijidudu vingekufa. Yana pia kitu ambacho hukitarajii kukikuta humo, yaani urea, ile ya kwenye mkojo. Vijidudu vikivunja protini, amonia inaingia kwenye damu. Ini linaigeuza kuwa urea kwa sababu amonia ni sumu. Na badala ya urea yote kwenda kwenye figo na kumwagwa, sehemu yake inarudi na mate, na nyingine inapenya kwenye ukuta wa rumeni. Humo vijidudu vinaitumia kujengea miili yao, kisha vinasukumwa mbele hadi kwenye tumbo la nne na kumeng'enywa, vyenyewe vikawa protini ya ng'ombe. Kiangazi cha Dodoma au Shinyanga, nyasi zikiwa zimebaki mabua, figo za ng'ombe hukaza, mkojo unatoka na urea kidogo sana, nyingi inarudishwa juu. Anaishi kwa kula taka zake mwenyewe, kwa ushirikiano wa ini, figo, mate na rumeni. Ndiyo maana unaweza kumpa molasi iliyochanganywa na urea kidogo akanufaika. Akiibugia kwa wingi mara moja, amonia inatoka kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuigeuza, na anakufa kwa mitetemeko ya misuli. Huduma ya kwanza huwa ni siki na maji mengi ya baridi, ili tumbo liwe na asidi na amonia isipenye kwenda kwenye damu.

Sasa turudi kwenye homa ya maziwa, kwa ajili ya wale wanaotarajia ng'ombe azae mwezi ujao, maana najua kuna anayeuliza: basi nimlishe kalsiamu nyingi kuanzia sasa? Ni swali la akili, na jibu lake linakera. Usimlishe. Ng'ombe aliyekaushwa, asiyetoa maziwa, akipewa unga wa mifupa, lusini na majani ya jamii ya kunde kwa wingi katika wiki za mwisho, damu yake inatosheka moja kwa moja kutoka kwenye utumbo. Zile tezi nne za shingoni hazina la kufanya. Zinakaa kama mlinzi wa nyumba ambayo haijawahi kubishiwa hodi usiku. Siku ya kuzaa zinagutuka, na mifupa nayo imesahau kuitika. Afadhali katika wiki 3 za mwisho ale chakula chenye kalsiamu kiasi, tezi zizoee kazi, kisha akishazaa ndipo umwongezee kwa wingi. Tena angalia matete yako. Shamba la matete linalorundikiwa samadi kila msimu hutoa majani yenye potasiamu nyingi, na potasiamu nyingi inaifanya mifupa na figo visiisikie homoni hata kama tezi zimeitoa ya kutosha. Mchanganyie majani makavu au mabua ya mahindi kipindi hicho, umwonee huruma baadaye.

Limebaki la ndama. Kwa binadamu tumezoea kwamba mama humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga. Ndama anazaliwa mtupu. Wiki za mwisho za mimba, kinga inatoka kwenye damu ya mama na kukusanywa ndani ya kiwele, na inamfikia mtoto kwa njia moja tu, dang'a. Utumbo wa ndama mchanga unaipitisha kinga hiyo nzima nzima hadi kwenye damu yake, bila kuimeng'enya, lakini mlango huo unaanza kujifunga saa chache baada ya kuzaliwa, na zikifika saa 24 umefungwa. Dang'a ya kesho kutwa ni chakula kizuri, ila kinga yake haiingii tena kwenye damu. Mtoto anayenyonya mwenyewe, kwa shingo iliyonyooka, kunyonya kwenyewe kunakunja mfereji ulio mlangoni mwa tumbo, na maziwa yanapita moja kwa moja hadi tumbo la nne yanapotakiwa. Ukimfungua mdomo kwa nguvu na kumiminia, yanaweza kwenda rumeni yakachacha, au mapafuni.

Kwa hiyo bandani mwa yule ng'ombe aliyelala kuna viumbe viwili vinavyodai gramu zile zile za kalsiamu. Ndama anaitaka dang'a leo, tena asubuhi hii, na kila lita anayopata inatoka kwenye damu ya mama ambayo tayari imefilisika. Ushauri wa siku nyingi wa madaktari ni kumkamulia ndama sehemu yake, asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita 3 kwa ndama wa kilo 30, ukianza na saa za mwanzo kabisa na kumgawia kwa awamu. Mama baada ya kuchomwa dawa usimkamue akakauka kwa siku hiyo ya kwanza, kama daktari wako hajasema vinginevyo. Maziwa yanayobaki ndani yanakibana kiwele, kile kile ambacho hewa ya Denmark ilikuwa inafanya, na kesho tezi za shingoni zitakuwa zimekwisha kuipata mifupa.